Uso Ulio Pichani na Jina Lililo Nje Yake

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni kweli katika mambo mengi, lakini katika jambo la picha yataka kufikiriwa upya. Mtu mwenye macho mazima aweza kuitazama picha mara mia, akaisifu, akaitundika ukutani, na bado asiione. Huona uso asijue jina. Huona chozi asijue sababu. Huona kitendo kilichodumu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, asijue yaliyokitangulia wala yaliyokifuata. Kwa hiyo, msomaji, mwenye macho na aambiwe tazama. Na akisha kutazama, aambiwe uliza.

Darasani umezoea kuhakiki kitabu. Huulizwa mtunzi wake ni nani, aliandika kwa nia gani, wahusika wake wamejengwa vipi, na kama yaliyomo yaafikiana na maisha ya watu. Mbona picha haiulizwi maswali hayo? Sababu yake ni kuwa watu hudhani kwamba picha haikutungwa. Kitabu, husema, kimetoka katika kichwa cha mtu, bali picha imetoka katika mwanga na kioo. Mtu aweza kusema uongo, lakini mwanga hausemi uongo. Dhana hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima, kwa sababu huaminiwa upesi. Mwanga hausemi uongo, ndiyo. Lakini mwanga haujichagulii mahali pa kupita. Nyuma ya kioo yupo mtu. Yeye ndiye aliyechagua kusimama hapa asisimame pale, kufungua kioo sasa asingoje baadaye, kumtia huyu ndani ya picha na kumwacha yule nje. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Nataka tuhakiki picha tatu zilizovuma duniani, na tuzipime kwa mizani mitatu. Mzani wa kwanza ni wa ukweli: je, jambo lilitokea kama lionekanavyo? Mzani wa pili ni wa ufundi: je, mpiga picha aliliweka jambo hilo katika umbo linalosema na moyo? Mzani wa tatu ni wa haki: je, mtu aliyepigwa picha alitendewa nini, naye alipata nini? Hoja yangu ni kwamba picha nyingi tukufu ni nzito katika mizani miwili ya kwanza, na nyepesi katika wa tatu. Na kwamba upungufu huo haukamiliki mpaka mtazamaji naye atende sehemu yake.

Tuanze na picha ya mama mmoja wa Marekani.

Mwaka 1936 nchi ile ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Mashamba ya majimbo ya kati yalikauka, upepo ukapeperusha udongo, na maelfu ya jamaa walifungasha mizigo yao wakahamia California kutafuta vibarua vya kuvuna mazao ya watu wengine. Serikali iliajiri wapiga picha wazunguke nchini na kulionyesha taifa hali ya watu wake. Mmoja wao alikuwa Dorothea Lange. Mwanamke huyu aliugua polio alipokuwa na umri wa miaka saba, akabaki mwenye kuchechemea maisha yake yote. Yeye mwenyewe alisema kwamba kilema hicho kilimfunza mengi. Na yamkini kilimpa pia jicho la kuona unyonge wa wenzake.

Siku moja ya mvua, mwanzoni mwa mwaka huo, Lange alikuwa njiani kurudi nyumbani baada ya mwezi mzima wa kazi. Karibu na mji mdogo wa Nipomo aliona kibao kilichoelekeza kambi ya wachumaji njegere. Akapita. Aliendesha gari kama maili 20 akishindana na nafsi yake, moja ikimwambia kazi imekwisha, nyingine ikimwambia rudi. Mwisho akageuza gari. Kambini alikuta njegere zimeunguzwa na baridi, wachumaji hawana kazi, na asiye na kazi hana chakula. Akamwendea mwanamke aliyeketi na watoto wake chini ya hema lililo wazi upande mmoja. Alipiga picha chache, kila mara akisogea karibu zaidi, kisha akashika njia yake. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba hakumwuliza mwanamke yule jina lake wala habari zake. Aliambiwa umri wake tu, miaka 32.

Picha ya mwisho kati ya hizo ndiyo iliyovuma. Ikifika mikononi mwako, itazame polepole. Mama yuko katikati, mkono wake umegusa shavu, macho yake yanaangalia mbali, mahali ambapo sisi hatuoni kitu. Watoto wawili wameegemea mabega yake na wametupa visogo. Mtoto mchanga amelala mapajani. Sasa jiulize: kwa nini watoto wale hawaonyeshi nyuso? Lau wangalitutazama, macho yetu yangaligawanyika kwa nyuso tatu, na kila uso ungalituvuta upande wake. Kwa kuwa wamegeuka, hatuna pa kwenda ila kwenye uso wa mama. Na kwa kuwa mama hatutazami, hatupewi nafasi ya kumpa pole. Huo ni ufundi mkubwa. Pembeni mwa picha palionekana kidole gumba kilichoshika mti wa hema. Baadaye Lange aliagiza kififishwe, akiona kwamba kinavuta jicho bure. Msimamizi wa kazi yake hakupendezwa na jambo hilo, kwa kuwa picha ya serikali ilikuwa ushahidi, na ushahidi haupunguzwi hata kidole. Nani alikuwa na haki? Wajadilini wote wawili darasani, kwa kuwa katika kidole kile yamo mabishano yote baina ya sanaa na ushahidi.

Picha zilipelekwa kwa gazeti moja la San Francisco, zikachapwa, na serikali ikapeleka ratili 20,000 za chakula kambini. Hapa mtu husema: picha imeshiba sifa, na tufunge kitabu. La, msomaji, tusifunge. Chakula kilipofika, mama yule na watoto wake hawakuwapo tena. Kwa masimulizi ya jamaa zake, gari lao lilikuwa limeharibika njiani, nao walisimama kambini pale kungoja litengenezwe, kisha wakaendelea na safari. Picha yake iliwashibisha wengine. Yeye aliondoka na njaa yake.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 dunia iliujua uso wake isijue jina lake. Picha yake ilitundikwa katika nyumba za makumbusho na kuchapwa vitabuni. Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti la mji wa Modesto alimpata, naye akasema wazi kwamba alitamani asingalipigwa picha ile, kwa sababu hakupata kwayo hata senti moja. Jina lake lilikuwa Florence Owens Thompson, na kwa kabila alikuwa Mcherokee, mzaliwa wa nchi iliyokuja kuwa jimbo la Oklahoma. Dunia ilikuwa imemchukua kuwa mfano wa mkulima mzungu aliyehamishwa na ukame, kumbe alikuwa binti wa watu waliokuwa katika bara lile kabla ya wakulima wote hao. Mwaka 1983, alipokuwa mgonjwa hana fedha za matibabu, watoto wake waliomba msaada kwa kutaja picha ile, na watu wengi wakatuma fedha pamoja na barua za shukrani. Akafariki mwezi wa Septemba mwaka huo huo.

Tuwe waadilifu kwa Lange. Hakutajirika kwa picha ile, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali na si mali yake. Wala hakukusudia ubaya. Alikusudia kuokoa, na waliookolewa walikuwako. Lakini mzani wa haki hauulizi nia tu. Wako wanaojibu kwamba picha ile ilipata nguvu kwa sababu haikuwa na jina: mama asiye na jina ni mama wa kila mtu, na lau tungalimjua Florence, tungaliona dhiki ya mmoja badala ya dhiki ya maelfu. Jawabu hili lina uzito, nami silidharau. Lakini fikiri: je, wewe ungekubali kuwa mfano wa watu wote kwa sharti la kwamba usiwe mtu mwenyewe? Mfano hauli, hauugui, hauzeeki. Florence alikula, aliugua, na alizeeka, ilhali mfano wake ulisimama ukutani ukiwa na miaka 32 daima.

Labda utasema: basi kosa lilikuwa kutouliza, jina likiulizwa na kuandikwa, haki imetimia. Picha ya pili yatufundisha kwamba hata jina likitafutwa na serikali nzima, laweza kupotea.

Tarehe 23 Februari, 1945, Wamarekani walikuwa wakipigana na Wajapani katika kisiwa kidogo cha Iwo Jima. Asubuhi kikosi cha askari wa majini kilipanda mlima Suribachi na kusimamisha bendera ya nchi yao. Bendera ile ilikuwa ndogo. Wakuu waliagiza isimamishwe nyingine kubwa, ionekane na kila askari kisiwani. Mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press, Joe Rosenthal, mtu aliyekataliwa jeshini kwa sababu ya uhafifu wa macho yake, alifika kileleni wakati bendera ya pili ikiandaliwa. Kwa kuwa alikuwa mfupi, alikusanya mawe na mfuko wa mchanga apate kusimama juu yake. Alikuwa akisema na mwenzake mwenye kamera ya sinema, mara mlingoti ukaanza kuinuka. Akageuka, akafungua kioo kwa sehemu moja ya mia nne ya nukta, naye hakujua amepata nini. Filamu ilisafirishwa mpaka kisiwa cha Guam kuoshwa, na baada ya siku chache picha ile ilikuwa katika magazeti ya Marekani yote.

Ufundi wake wajionyesha. Wanaume sita wamefanya mlima mdogo kwa miili yao. Mlingoti umekatiza picha kutoka kona hii hadi ile. Mikono ya mmoja imenyoshwa nayo haijaufikia mti. Nguo ya bendera ndiyo kwanza inafunguka. Kila kitu kiko katika mwendo, wala hakuna uso hata mmoja unaoonekana vyema. Kwa sababu hiyo wengi walidhani kwamba imepangwa kama mchezo wa jukwaani. Shaka iliongezeka kwa sababu Rosenthal, alipoulizwa siku chache baadaye kama aliwapanga watu, alijibu kwamba ndiyo. Kumbe alidhani aulizwa habari ya picha nyingine, ya askari wengi waliojipanga mbele yake wakishangilia chini ya bendera hiyo hiyo. Neno moja lililojibu swali jingine lilimfuata mpaka kufa kwake mwaka 2006. Filamu ya sinema iliyopigwa wakati ule ule yashuhudia kwamba bendera ilisimamishwa bila ya kungoja amri ya mpiga picha. Katika mzani wa ukweli, basi, picha haina hila. Ila watazamaji wengi hawakuambiwa kwamba bendera hiyo ni ya pili.

Sasa tuingie katika mzani wa tatu. Serikali iliitumia picha kuwahimiza raia waikopeshe fedha za vita, na zaidi ya dola bilioni 26 zikapatikana katika harambee ile. Palitakiwa majina ya mashujaa, na majina yakatajwa upesi. Watatu kati ya wanaume wale sita walikwisha kufa kisiwani, kabla vita vya siku 36 havijaisha. Mmoja wa walionusurika, Ira Hayes, Mhindi Mwekundu wa kabila la Pima kutoka Arizona, alijua kwamba jina moja ni la makosa: aliyeinama chini ya mlingoti hakuwa Hansen aliyetajwa, bali Harlon Block, kijana wa Texas aliyeuawa. Alipolisema jambo hilo aliamriwa anyamaze, kwa kuwa orodha imekwisha kutangazwa. Mama yake Block naye, siku alipoiona picha gazetini, alisema kwamba huyo ni mwanawe. Watu wakamwona amezidiwa na msiba.

Mwaka 1946 Hayes alitoka kwao, akasafiri zaidi ya maili 1,000 kwa kuomba lifti barabarani, mpaka shambani kwa baba yake Block, akamweleza ukweli. Mwaka 1947 jeshi lilikiri na kusahihisha. Waama, msomaji, katika habari zote za picha hii sijaona tendo lililo tukufu kuliko safari ile. Kusimamisha mlingoti kulichukua nukta chache, na watu sita walitosha. Kulirudisha jina la marehemu kwa wazazi wake kulichukua miguu ya mtu mmoja na dhamiri yake. Hayes hakufurahia sifa alizopewa. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 32, akiandamwa na ulevi na huzuni.

Wala masahihisho hayakuishia hapo. Mwaka 2016 jeshi lilitangaza kwamba mmoja wa sita alikuwa Harold Schultz, si John Bradley. Na mwaka 2019 likatangaza kwamba mwingine alikuwa Harold Keller, si Rene Gagnon. Wote wawili walikuwa wamekufa zamani bila ya kujitangaza. Tafakari jambo hili. Picha iliyochorwa katika stempu, iliyofanywa sanamu kubwa ya shaba karibu na Washington, iliyotazamwa na mamilioni, ilikaa miaka 74 na majina yasiyo sahihi. Kila mtu aliitazama; wachache walihesabu kofia, mikanda na mikono. Hao wachache ndio wahakiki wa kweli.

Katika picha mbili hizi wapiga picha walirudi nyumbani, wakaendelea na kazi zao. Picha ya tatu ilipigwa katika bara letu, na yule aliyeipiga alilipa gharama yake. Nimeiweka mwisho kwa sababu watu waliomo ndani yake walikuwa wanafunzi kama wewe.

Katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi serikali iliamuru kwamba wanafunzi Waafrika wafundishwe baadhi ya masomo yao, hesabu likiwa mojawapo, kwa lugha ya Kiafrikana, lugha ya watawala wao. Wanafunzi walikataa. Asubuhi ya tarehe 16 Juni, 1976, maelfu yao waliandamana katika mitaa ya Soweto, karibu na Johannesburg, wamevaa sare za shule na kushika mabango. Polisi wakafyatua risasi. Sam Nzima, mpiga picha wa gazeti la The World lililosomwa na Waafrika, alimwona mtoto akianguka, na kijana akimwinua na kukimbia naye. Nzima naye akakimbia kuwaelekea, akafungua kioo mara sita.

Mtoto yule alikuwa Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Kijana aliyembeba alikuwa Mbuyisa Makhubo, wa miaka 18. Msichana anayekimbia ubavuni, amevaa sare, kiganja chake kimenyoshwa wazi kama anayesukuma hewa isimkaribie, alikuwa dada yake Hector, Antoinette. Tazama namna jicho lako linavyokwenda: laanza kwenye kinywa cha Mbuyisa kilichofunguka kwa kilio, lashuka kwenye mwili wa mtoto uliolegea, laishia katika mkono wa dada. Hakuna silaha pichani. Hakuna askari. Aliyetenda hayuko, lililotendwa liko mbele yetu. Mpiga picha hakuwa na nafasi ya kupanga wala kuchagua mara mbili, lakini miguu yake ilimfikisha mahali panapostahili, na huo nao ni ufundi. Watu hudhani kwamba ufundi wa picha uko mkononi; aghalabu huwa miguuni.

Hector alipakiwa katika gari dogo la waandishi wa gazeti hilo na kupelekwa katika zahanati ya karibu, lakini alikuwa amekwisha kukata roho. Nzima aliificha filamu ndani ya soksi, kwa kuwa alijua polisi wangeziharibu filamu zote watakazoziona. Picha ikachapwa, ikavuka mipaka, na dunia ikaona kwa macho yake jambo ambalo serikali ile ingetaka lisimuliwe kwa kinywa chake. Tangu mwaka 1991 nchi za Afrika huiadhimisha tarehe 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Bila shaka umepata kuiadhimisha shuleni kwenu.

Sasa tupime haki. Hapa majina yalijulikana mapema, na hilo ni jema. Lakini kila aliyetajwa alitozwa. Polisi walimfuata Nzima kwa vitisho hata akaiacha kazi na kurudi kijijini kwao Lillydale, na huko nako akawekwa chini ya ulinzi nyumbani mwake. Gazeti lake lilipigwa marufuku mwaka 1977. Haki ya kumiliki picha yake mwenyewe hakuipata mpaka mwaka 1998, baada ya kuidai kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2018. Mbuyisa aliambiwa na polisi kwamba yeye ni mchochezi, kana kwamba kumbeba mtoto anayekufa ni siasa. Akaikimbia nchi. Mwaka 1978 mama yake alipata barua kutoka Nigeria. Baada ya hiyo hakupata nyingine, akafa mwaka 2004 hajui mwanawe yu wapi. Kijana ambaye dunia nzima yaujua uso wake alipotea asijulikane aliko. Hapa mambo yamepinduka: Florence alikuwa na uso bila jina; Mbuyisa ana uso na jina, lakini mtu mwenyewe hayuko.

Kabla sijafunga, sharti nikabili pingamizi moja kubwa, na mwenye pingamizi hilo ni mwenzetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akawa mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa bara hili. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984 alifika Korem, katika Uhabeshi, pamoja na mwandishi Michael Buerk, akapiga picha za sinema za maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa alfajiri moja ya baridi. Zilipoonyeshwa katika televisheni ya Uingereza, na kisha katika nchi nyingine nyingi, dunia ilitikisika na misaada ikamiminika. Baadaye Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha huko Addis Ababa mwaka 1991, akaendelea na kazi kwa mkono wa bandia, mpaka alipokufa katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro mwaka 1996. Mtu aweza kuniuliza: je, ulitaka Amin azunguke kambini akiandika majina ya maelfu wale? Mwenye njaa hutaka unga, hataki kuulizwa ukoo wake.

Jawabu langu ni hili. Mpiga picha aliyesimama mbele ya kifo ana kazi moja, nayo ni kushuhudia. Akiitimiza kwa uaminifu, amefanya lake. Lakini kazi ya picha haiishii kwake. Wakati ule wa dharura uso pekee hutosha kuamsha huruma. Huruma ikisha kuamka, mtazamaji ameingia deni, nalo ni kuuliza: watu hawa ni nani, ni nini kilichowafikisha hapa, na leo wako wapi? Asiyeuliza maswali hayo huwajua wenziwe kwa njaa yao tu, kama kwamba walizaliwa katika njaa na hawakuwa na siku nyingine. Jina si pambo la picha. Jina ndilo linalomtenga mtu na mandhari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kama ifuatavyo. Picha ya Lange ndiyo bora kwa utungo wake. Ya Rosenthal ndiyo bora kwa umbo la mwendo wake. Lakini ya Nzima ndiyo naiweka juu ya zote, kwa sababu aliyeipiga alishiriki hatari ya aliowapiga, na gharama yake hakuwaachia wao peke yao. Ukipima kwa namna nyingine, na ufikie hukumu nyingine, sitanung'unika, mradi umepima.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya watu mashuhuri tu. Zamani kamera ilikuwa mali ya wachache. Leo iko ndani ya simu, na simu iko mkononi mwa mtu yeyote. Ajali ikitokea barabarani, aghalabu simu hufika kabla ya machela. Mwanafunzi akianguka, au akilia, au akiaibika mbele ya wenzake, picha yake huzunguka kabla chozi halijakauka, tena mara nyingi bila ya idhini yake. Wewe umekuwa mpiga picha bila ya kuajiriwa, na mhariri bila ya gazeti. Kabla hujaituma picha ya mtu, iweke katika mizani ile mitatu. Uliza kama ni kweli, uliza kama imesema ilivyo, kisha uliza mwenye uso huo atapata nini au atapoteza nini. Na itakapokufikia picha ya mtu usiyemjua, usiridhike na kuitazama. Litafute jina lake.